Malungu ya Ufipa na Elimu ya Kusoma Ardhi

Wasomaji wetu, katika nchi ya Ufipa, toka Namanyere hata Matai, na toka milima ya Mbizi hata mwambao wa Ziwa Tanganyika, watu wengi wamepita karibu na matanuru marefu ya udongo yaliyosimama porini au kando ya mashamba. Wafipa huyaita malungu, na likiwa moja huitwa ilungu. Wengine hupita bila kutazama. Wengine hubomoa udongo wake kwa kazi zao. Watoto hupanda juu yake wakiwa machungani. Tumeona vema kueleza malungu ni nini, ni watu gani waliotumia miaka ya maisha yao kuyachunguza, na kwa nini mtu wa kijijini, ambaye pengine hatafika kamwe katika chuo kikuu, ana sehemu kubwa katika elimu hiyo.

Kwanza na tutazame kazi yenyewe. Ilungu ni tanuru la kuyeyushia mawe yenye chuma. Lajengwa kwa udongo, na mara nyingi wazee walichagua mahali penye kichuguu, kwa sababu udongo wa mchwa hushikamana vizuri na huvumilia moto. Kimo chake ni kama mita 3, karibu urefu wa watu wawili wakisimama mmoja juu ya mabega ya mwenziwe. Chini ni pana, juu hupungua. Kuzunguka sehemu ya chini pana milango midogo, na katika milango hiyo ilitiwa mirija ya udongo uliochomwa, ili upepo upate njia ya kuingia. Ndani walipanga makaa na mawe ya chuma kwa zamu, tabaka juu ya tabaka, kisha wakatia moto.

Sasa hapa ndipo ilipo hekima yao. Wahunzi wa nchi nyingi hutumia mivukuto: mtu huketi na kuvukuta mchana kutwa, na akichoka mwenzake humpokea. Ilungu halikuvukutwa. Kimo chake chenyewe ndicho kilichofanya kazi ya mivukuto. Hewa ya moto hupanda juu, na inapopanda huvuta hewa mpya kwa chini kupitia mirija, kama dohani ya nyumba ivutavyo moshi. Hivyo tanuru lilijivutia pumzi lenyewe, likawaka siku kadhaa, mchana na usiku, na kazi ya watu ilikuwa kulilinda na kulitazama. Mtu asiyejua tabia ya moto na hewa hawezi kujenga kitu cha namna hiyo. Likiwa fupi kidogo kuliko ipasavyo, halivuti; mirija ikikosewa hesabu, moto hufa au huteketeza mali yote.

Tena chuma hakikuyeyuka ndani ya ilungu kama watu wengi wanavyodhani. Chuma safi huyeyuka kwa joto la sentigredi 1,538, na matanuru ya namna hii hufikia kiasi cha 1,200 hivi. Kilichoyeyuka ni takataka za jiwe, zikatiririka na kuganda. Hizo ndizo tuziitazo mavi ya chuma, yale mawe meusi mazito yenye matundu ambayo jembe hugonga mtu alimapo. Gesi iliyotoka katika makaa iliondoa oksijeni iliyoshikamana na chuma katika jiwe, chuma kikabaki bonge moja, bado kimechanganyika na makaa na takataka. Kwa hiyo kazi haikwisha hapo. Bonge lilivunjwa, likachomwa tena katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, na hili ndilo lililovukutwa kwa mivukuto. Kisha mhunzi akakitia chuma katika moto wake na kukifua kwa nyundo hata kikawa jembe, shoka, kisu au mkuki. Ilungu, kintengwe, na moto wa mhunzi, hizi ndizo hatua tatu za kazi.

Jembe lilikuwa na maana kubwa katika Ufipa kuliko katika nchi nyingi. Sehemu kubwa ya uwanda wetu haina miti mingi ya kukata na kuchoma ili majivu yarutubishe shamba. Wafipa walijifunza njia nyingine: kufunika majani chini ya udongo katika matuta makubwa ya mviringo, yaitwayo ntumba, majani yakaoza humo na kuwa mbolea. Kazi hiyo yataka jembe pana na zito. Basi chuma ndicho kilicholisha nchi. Jembe lilikuwa pia mahari, na lilikuwa mali ya kubadilishana na watu wa nchi jirani.

Kazi hii ilikuwa na miiko na dawa zake. Wazee walilihesabu tanuru kuwa kama bibi arusi: walilipamba, na wafanyakazi walijizuia wasiingie kwa wake zao wakati wa kuyeyusha. Mkuu wa kazi alikuwa na kikapu chake cha dawa, kiitwacho intangala. Jambo hili tutalirudia, kwa maana ndilo linalowafanya Wakristo wengine waone haya kuzungumza juu ya malungu.

Kufikia katikati ya karne ya 20 moto wa malungu ulikuwa umezimika. Majembe ya kiwandani yalifika madukani kwa bei nyepesi. Kijana aliyetakiwa kutoa kodi ya fedha aliona ni afadhali aende kufanya kazi ya mshahara kuliko kukaa wiki nyingi akichimba mawe, akichoma makaa na kujenga tanuru. Wenye kusoma Samweli wa Kwanza, mlango wa 13, wanakumbuka habari za Waisraeli siku zile walipokuwa hawana mhunzi katika nchi yao, ikawabidi kushuka kwa Wafilisti kila walipotaka kunoa jembe au shoka. Huko Israeli mhunzi alizuiwa kwa nguvu na adui. Huku kwetu alishindwa na bei ya dukani. Lakini mwisho ulifanana: watu waliokuwa wakijitengenezea vyombo vyao waliamka siku moja wakawa wanunuzi.

Je, habari hizi zimehifadhiwa wapi? Kwanza zipo maandiko ya wageni. Livingstone alipita kando ya ziwa katika nchi ya Ufipa mwaka 1872, katika safari yake ya mwisho. Joseph Thomson, Mskochi, alipanda uwandani mwaka 1880 akafika kwa mfalme Kapufi. Mababa Weupe walichukua kituo cha Karema mwaka 1885, na baada ya hapo wakawa na muda wa kukaa na kutazama. Askofu Lechaptois alitoa kitabu juu ya nchi na watu wa mwambao wa Tanganyika mwaka 1913, na mwaka 1914 Padre Wyckaert aliandika habari za wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo. Kichwa hicho cha habari chatufundisha jambo: wakati ule walikuwako wahunzi waliobatizwa, wala hawakuona kwamba ubatizo uliwaondolea nyundo mikononi. Baadaye Greig aliandika juu ya kazi hii mwaka 1937, na Wise mwaka 1958, katika jarida la mambo ya Tanganyika.

Tunawashukuru wote hao. Lakini maandiko yao yana mpaka. Yatuambia yaliyoonekana katika miaka ile michache ya mwisho, wakati wazee wa kazi walipokuwa wakipungua. Hayatuambii nani alianza, wala lini, wala kama baba wa baba zetu walitumia tanuru hili hili au jingine. Mtu akitazama machweo tu, atasemaje juu ya asubuhi? Kwa maswali ya asubuhi yatakiwa elimu nyingine, nayo ni akiolojia, yaani elimu ya kujua mambo ya kale kwa kusoma vitu vilivyobaki ardhini.

Mwanafunzi wa akiolojia hana kitabu mbele yake. Ana vigae vya vyungu, mavi ya chuma, vipande vya mirija, majivu, mifupa na mbegu zilizoungua. Huchimba polepole, tabaka moja baada ya jingine, kwa mwiko mdogo na brashi, akiandika kila kitu kilikuwa wapi na kina cha kiasi gani. Kitu kilichong'olewa mahali pake bila kuandikwa ni kama neno lililokatwa katika barua: lipo, lakini maana yake imepotea. Kigae chaonyesha ni watu wa desturi gani walioishi pale, maana kila kizazi cha wafinyanzi kina nakshi zake. Kipande cha makaa chaonyesha wakati. Mwaka 1949 Willard Libby wa Marekani na wenzake walionyesha kwamba kila kiumbe hai kina kiasi kidogo cha kaboni ya namna ya pekee, na kwamba mti ukikatwa, au mnyama akifa, kaboni hiyo huanza kupungua kwa mwendo usiobadilika: ikipita miaka 5,730, nusu yake imekwisha kutoweka. Kwa hiyo makaa yaliyonaswa ndani ya mavi ya chuma yaweza kupimwa, na mtu akajua moto ule uliwashwa karne gani. Libby alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1960.

Karibu na Ufipa kazi kubwa ya namna hii ilifanyika Kalambo, penye maporomoko marefu ya maji katika mpaka wa Tanzania na Zambia. Desmond Clark, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa jumba la makumbusho la Livingstone, alipagundua mahali pale mwaka 1953, akachimba kwa miaka mingi. Kitabu chake kilitoka kwa majuzuu matatu, la kwanza mwaka 1969, la mwisho mwaka 2001, nusu karne karibu baada ya kuanza. Clark mwenyewe alifariki mwaka 2002. Fikirini, wasomaji, uvumilivu wa mtu anayepanda mti ambao matunda yake ya mwisho atayala akiwa mzee wa miaka 85! Katika tabaka za juu za Kalambo alikuta vijiji vya watu waliofinyanga vyungu vya nakshi nzuri na kujua chuma tangu karne za kwanza baada ya Kristo, yapata karne ya 4 au ya 5. Katika tabaka za chini kabisa vilikuwamo vitu vya zamani zisizohesabika kwa vizazi. Mwaka 2023 wataalamu waliorudi pale walitangaza magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na mikono ya watu, ya miaka isiyopungua 476,000.

Tukumbuke hizo karne za vijiji vya chuma vya Kalambo, tukaangalie mbali kidogo, maana mfano wa nchi nyingine waweza kutuondolea unyonge. Katika karne ya 5, baada ya Warumi kuondoka Uingereza, watu wa kabila za Wakelti, wakaao Wales, Ireland na Scotland, waliishi katika ngome ndogo juu ya vilima. Maandiko ya wakati wao ni machache sana. Hadithi zao ni nyingi, na iliyo kuu ni ya mfalme Arthur. Basi wazao wao walijuaje habari zao za kweli? Kwa njia ile ile ya vigae na mavi ya chuma. Leslie Alcock, aliyezaliwa Manchester mwaka 1925, aliwahi kuwa askari katika jeshi la Uhindi, kisha akasoma Oxford, akawa mwalimu katika chuo cha Cardiff. Toka mwaka 1954 hata 1958 alichimba kilima kidogo kiitwacho Dinas Powys. Hakukuta dhahabu ya wafalme. Alikuta mabaki ya kazi ya wahunzi wa chuma na shaba, na vigae vya vyombo vilivyotoka mbali, hata pwani za bahari ya Mediterania. Kwa vitu hivyo vidogo akaonyesha kwamba mtawala wa kilima kile hakuwa mshenzi aliyejificha, bali mtu aliyekuwa na wahunzi wake na biashara ya ng'ambo. Baadaye alichimba kilima kikubwa cha Cadbury, toka mwaka 1966 hata 1970, ambacho watu walisema kilikuwa boma la Arthur. Katika kitabu cha mwaka 1971 aliipa hadithi ya Arthur uzito mwingi. Miaka ilipopita akawa mwangalifu zaidi, kwa kuwa ardhi haikumpa ushahidi wa jina hilo. Aliendelea kufundisha Glasgow akiwa profesa toka mwaka 1973 hata 1990, na akafariki mwaka 2006.

Kwa nini tunaeleza habari za Mwingereza huyu? Kwa sababu Waingereza hawaoni aibu kusema kwamba kwa karne kadhaa za historia yao hawana kitabu cha kutosha, nao wanaichimba ardhi. Hawasemi kwamba karne hizo hazikuwa na watu wenye akili. Basi nasi tusikubali mtu atuambie kwamba pasipo na maandiko hapana historia.

Na hapa kwetu wametokea watu wa kazi hiyo. Peter Schmidt, Mmarekani, alifanya kazi Buhaya tangu karibu mwaka 1970. Aliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe tena chuma kama walivyofanya ujanani, naye mwaka 1978 pamoja na Donald Avery alitangaza kwa wataalamu wa dunia kwamba ufundi ule wa kale ulikuwa wa hali ya juu. Katika miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza kufundisha akiolojia. Vijana Watanzania wakaingia darasani, wengine wakapelekwa ng'ambo kwa masomo ya juu. Felix Chami alipata udaktari wake Uppsala, Sweden, mwaka 1994, kwa kuchunguza mwambao wa bahari ya Hindi katika miaka elfu moja ya kwanza baada ya Kristo. Bertram Mapunda alipata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, mwaka 1995. Na kazi iliyompa udaktari huo ilikuwa juu ya chuma cha kusini-magharibi ya Tanzania, na hasa Ufipa.

Mapunda alitembea katika nchi ya Nkasi, mwambaoni na uwandani, akitafuta mabaki ya matanuru. Ajuaye nchi ile ajua miteremko ile, toka uwanda mrefu hata ziwani, ilivyo mikali. Hapo alipoona mavi ya chuma alisimama, akapima, akaandika, akachimba. Na jambo kubwa aliloonyesha ni hili: ufundi wa chuma katika Ufipa haukuwa mmoja. Walikuwako watu wa malungu, ambao ndio wageni waliotangulia walioandika habari zao. Lakini palikuwa na ufundi mwingine wa matanuru mafupi, uitwao katukutu, ambao waandishi wale hawakuutaja. Tena palikuwa na alama za ufundi wa Warongo, wahunzi wajulikanao zaidi katika nchi za kusini ya ziwa Nyanza. Ardhi, basi, ilitunza habari ambazo vitabu havikupata. Na tukiona mafundi wa namna mbalimbali katika nchi moja, tunajua kwamba Ufipa haikuwa kisiwa kilichofungwa, bali njia panda ya watu, na kila kundi lilileta maarifa yake.

Miaka mingi alifundisha Dar es Salaam, akawa profesa, na mwaka 2010 kitabu chake juu ya chuma cha Wafipa kilichapishwa Kampala. Baadaye akawa mkuu wa chuo kikuu cha Jordan, Morogoro. Toka kitabu cha udaktari hata kitabu cha Kampala ilipita miaka 15. Watu wengine hudhani msomi huketi kitini na kupokea sifa. Kumbe maisha yake ni kama ya mfinyanzi: mengi huvunjika mkononi kabla ya chungu kimoja kukamilika.

Wengine walishughulika na masimulizi. Roy Willis, Mwingereza aliyekaa na Wafipa katika miaka ya 1960, alikusanya habari za Milansi, makao ya kale ya watawala, na za Ntatakwa, mtawala wa kwanza katika masimulizi, na za wanawake watatu wageni ambao ukoo wao, Watwa, uliutwaa ufalme. Willis alikisia kwamba jambo hilo lilitokea yapata mwaka 1700. Randi Barndon kutoka Norway aliwauliza wazee wa Ufipa na wa Upangwa habari za kuyeyusha chuma, na kitabu chake cha mwaka 2004 kinalinganisha desturi za pande hizo mbili. Masimulizi na uchimbaji ni kama macho mawili: ukifumba moja bado waona, lakini huwezi kupima umbali. Tumeona jinsi hadithi ya Arthur ilivyompasa Alcock kuipima kwa ushahidi wa udongo. Habari za Milansi nazo zastahili heshima hiyo hiyo, yaani zisidharauliwe, wala zisiaminiwe bila kupimwa.

Sasa tufike kwenye jambo linalotusukuma kuandika. Wazee walioyeyusha chuma kwa mikono yao wamekwisha kwenda. Mashahidi waliobaki ni malungu yenyewe, na hayo yanakufa. Mvua hulila tanuru lisilo na paa; mizizi hulipasua; ng'ombe hujisugua kwalo; mtu ataka udongo mwekundu mkavu wa kujaza sakafu, akalipiga sururu. Mahali palipokuwa na kintengwe pamelimwa, na mavi ya chuma yametupwa kando ya njia. Mapunda mwenyewe aliandika mwaka 2001 juu ya uharibifu wa mambo ya kale katika Tanzania, akisema kwamba chanzo chake kikubwa ni kutojua. Na mwaka 2004, pamoja na Paul Lane, aliuliza swali zito kwa wataalamu wenziwe: elimu hii ni kwa faida ya nani, ya wataalamu au ya wenyeji?

Swali hilo ni la haki, nasi tunalipenda. Mara nyingi mtaalamu hufika kijijini na gari, hukaa mwezi mmoja, huchimba shimo la mraba, hubeba vigae katika mifuko, huondoka, wala haonekani tena. Watu hubaki wakinong'ona kwamba alikuwa akitafuta mali iliyofichwa na Wajerumani. Kisha wengine huja usiku na majembe kulimaliza shimo, wasipate kitu ila kuharibu. Je, kosa ni la nani? Mwenyeji hakuambiwa. Mtaalamu asiyeeleza kazi yake kwa lugha ya watu amewasha moto wa uvumi kwa mkono wake mwenyewe. Lakini sisi tusomao nasi hatuna udhuru, maana tunaweza kuwaeleza majirani zetu kwamba hakuna fedha ndani ya ilungu, wala hakuna mnunuzi wa mavi ya chuma. Mali iliyomo ni habari, na habari hiyo hutoweka mara mwiko usio na ujuzi unapoigusa.

Kuna wanaosema, "Elimu hii hailishi mtu." Twajibu kwamba hata kaburi la baba halilishi mtu, lakini hakuna mwana mwema anayelilima. Tena si kweli kwamba haina faida. Kijana anayejua kwamba babu zake walijenga tanuru linalojivutia hewa, na kwamba walirutubisha ardhi kwa matuta ya ntumba pasipo kufundishwa na mgeni, hataingia darasa la sayansi akidhani sayansi ni ya watu wengine. Atajua kwamba anarudia kazi ya nyumbani kwao.

Na wako Wakristo wasemao, "Malungu ni mambo ya dawa na miiko, afadhali yaishe." Hawa twawajibu kwa upole. Ni kweli, palikuwa na intangala. Lakini dawa ile haikuwa ndiyo iliyoondoa oksijeni katika jiwe; ni makaa na hewa, ambavyo Mungu ameviumba kwa wote. Kuandika kwamba wazee walifanya hivi na hivi si kuwarudia katika ibada zao. Wahunzi Wakristo ambao Padre Wyckaert aliandika habari zao walitenganisha nyundo na uganga zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Jina la Sumbawanga lenyewe, kama wenyeji wanavyolieleza, maana yake ni kutupa uchawi. Mtu aweza kutupa uchawi bila kutupa na jembe.

Basi tunawasihi wasomaji wetu mambo matatu. La kwanza, asiye na sababu ya lazima asivunje ilungu, wala asiruhusu udongo wake uchimbwe. Na alimapo akikuta vigae vingi au mavi ya chuma mahali pamoja, asiyatawanye, bali awape habari wakuu wa kijiji na afisa utamaduni wa wilaya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, yavilinda vitu vya namna hii, lakini sheria iliyo mbali haina macho, na macho yake ni ninyi. La pili, wazee ambao hawakuyeyusha wenyewe bado wapo, nao walisikia habari kwa baba zao: majina ya vilima vilivyochimbwa mawe, miti iliyofaa kwa makaa, nyimbo, na bei ya jembe. Aliye na mtoto ajuaye kuandika, na amketishe na babu yake, daftari mkononi, aandike jina la mzee, kijiji na tarehe. La tatu, walimu wenzetu, tusiwafundishe watoto kwamba historia ilianza siku mgeni wa kwanza alipofika na kalamu. Tuwapeleke penye ilungu lililo karibu, walipime kwa kamba, wahesabu milango yake, wachore umbo lake. Wazee husema, mwacha asili ni mtumwa. Wale waliosimamisha udongo mita 3 na kuufanya uvute pumzi hawakuwa watumwa wa mtu, na wajukuu wao hawana sababu ya kuwaacha wasahauliwe.